Uyoga Ufike Mlangoni na Miguu Yake

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, na mpaka leo najiuliza mstaafu anaitakia nini saa. Hata hivyo nimeitundika sebuleni. Inakimbia kidogo mbele ya wakati, kama meneja wetu. Zawadi ya pili, lile kapu, nitalisema mwishoni, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mliniomba niwaandikie habari za kazi, nyinyi mnaobaki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilisomea Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia kabla sijazaliwa, na Kinyarwanda changu cha kuandika kinawachekesha hata wajukuu. Mliotoka Bukavu mtasoma bila taabu. Nyinyi wa Kigali mtaulizana neno moja moja, na hiyo iwe fidia yangu kwa miaka yote mliyonicheka kwamba nasema Kiswahili cha redio. Vyeo sitavitaja. Nilipanda kimoja kimoja kama kila mtu mvumilivu, na havina cha kumfundisha yeyote. Nitasema habari za mlango, ule ambao kila kapu hupitia kabla ya kwenda sokoni.

Uyoga tunaoulima pale Kanombe, ule mweupe wa kofia ya mviringo, ni wa ukoo ambao wataalamu wanauita Agaricus. Nao ni kama ukoo wowote: una wema na una wabaya, na wote wamefanana sura. Wote wana kofia, wana pete shingoni, na chini ya kofia wana matamvua, yale mapindo membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Matamvua hayo huanza na rangi ya waridi yakaishia kahawia. Ukiona uyoga mweupe ambao matamvua yake yanabaki meupe mpaka uzee, huo ni wa ukoo mwingine, na humo mna wanaoua kweli. Wabaya wa ukoo wetu kwa kawaida hawaui, hawajafikia heshima hiyo. Wanakulaza chooni ukiona bora ufe.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye basi nikafuata harufu. Mboji ilikuwa inaiva, majani ya ngano na mavi ya kuku, na moshi wake ulinitoa machozi kabla sijafika getini. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Mzee Anastase, mkuu wa vyumba vya uyoga, alinipokea na koti jeupe ambalo nadhani lilizaliwa naye. Kazi hii alijifunza akiwa kijana kwenye bustani ya mapadri, na tangu hapo hakuwahi kuharakishwa na binadamu. Aliniangalia viatu, akatikisa kichwa.

"Leo hapana gusa kitu, mama," akasema. "Leo iko pua tu."

Akanikalisha mlangoni kwenye meza iliyokaa karibu na dirisha, akaweka mbele yangu sahani nyeupe ya nyumbani kwake. Alfajiri alikuwa amepita kwenye nyasi za kando ya barabara, amerudi na uyoga wa porini wa aina mbili. Kwa macho yangu ulikuwa mmoja.

"Gani chakula?"

Nikachagua ule mkubwa, msafi, mzuri. Akacheka mpaka akakohoa.

"Umetapika, mama. Pole sana."

Ndipo akanionyesha. Aliushika ule wangu pale chini kabisa, mwisho wa mguu, ambapo bado ulikuwa na udongo, akaukata kwa kisu kidogo. Nyama yake ilikuwa nyeupe, na papo hapo ikageuka njano kali kama kiini cha yai la kienyeji. Akausugua kwenye sahani, akaniletea puani. Ulinuka wino, na nyuma ya wino kulikuwa na ile dawa wanayosafishia korido za hospitali. Wa pili alipoukata uliona haya tu, ukapata wekundu kidogo, na harufu yake ilikuwa ya mvua kwenye shamba. "Huyu tunakula," akasema. Siku nyingine aliniletea wa tatu, ambao nao uligeuka njano, ila polepole, na ulinukia biskuti. Nikausukuma pembeni kwa ushujaa. Kumbe huo nao ni chakula, na kitamu kuliko yote. Nililia siku ile, siwafichi.

"Macho na pua, zote mbili," Mzee Anastase aliniambia. "Moja tu haitoshi. Na mguu usikate ndani ya chumba. Mguu ndiyo inasema."

Ndiyo maana pale kwetu uyoga unafika mlangoni na miguu yake, udongo na yote. Wageni wanaotutembelea hudhani sisi ni wachafu. Ndani ya vyumba taa ni za njano, rangi ya njano huwezi kuiona, kwa hiyo kukata na kusugua kunafanywa dirishani, juu ya sahani nyeupe. Na palikuwa na sheria ya pili, fupi. Mtu yeyote anayesimama mlangoni akisema "haitoki," kapu halitoki, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Hata kapu lako, Mzee?" nikamuuliza.

"Hata yangu. Hata ya padri."

Alinifundisha mengine ambayo mnayajua: kugeuza mboji, kusikiliza joto la kitanda kwa mgongo wa mkono, kunyunyiza maji kama unayemwamsha mtoto asilie. Alipoondoka kwenda kupumzika kwao Huye aliniachia ile sahani. Hakufanya hotuba. Aliipangusa kwa koti lake, akanipa, akapanda basi.

Sasa sikilizeni ya Nyabugogo, kwa sababu wengi mnaisimulia na mnaikosea. Zilifika habari kwamba watu wamekula kwa mama mmoja mwenye hoteli ndogo nyuma ya stendi, wakatapika usiku kucha, na mama anasema uyoga ni wa Kanombe. Meneja wa wakati ule alitaka kuandika tangazo. Mimi nikachukua kapu letu, sahani yangu na kisu, nikapanda basi.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, na wapagazi wamemzunguka. "Ni huyu!" akasema. "Wao ndio wanalisha watu sumu!"

"Dada, pole na kazi," nikamjibu. "Umebakiwa na uyoga wowote mbichi?"

Ulikuwepo, kwenye beseni, chini ya taulo. Nikaukata mguu mmoja mbele yao kwenye mwanga, ukageuka njano. Wachache wakaguna. Nikaomba sufuria na maji. Ubaya wa uyoga ule ni kwamba ukipata moto hausamehe, harufu inapanda mara mbili. Haikupita hata muda wa kumenya kitunguu, wapagazi wakaanza kutoka nje mmoja mmoja, wengine na sahani zao mkononi.

"Mana we! Inanuka lopitali!" mmoja akapiga kelele.

Nikabandika wetu kwenye sufuria nyingine. Wakarudi, tena wakauliza kama una chumvi. Mama wa hoteli akakaa kwenye kreti ya soda. "Mtu wa kilimani ndiye aliniuzia," akasema kwa sauti ndogo. "Aliniambia ni ileile ya Kanombe, kwamba imekuwa kubwa tu." Sikumgombeza. Nilimwachia kapu letu lote na nikamfundisha kukata mguu. Lakini nilirudi Kanombe kichwa kimevimba, na sioni sababu ya kukipunguza hata leo. Tangu siku ile, ukisema Nyabugogo kwamba uyoga umetoka kwetu, hakuna anayeuliza la pili.

Pua yangu iliniacha mwaka ule wa homa ya dunia nzima. Niliugua kitandani kama wengine, nikapona, nikarudi kazini, nikaingia uwanja wa mboji nikajisemea leo wamefanya usafi mzuri. Kisha nikaona wote wamejifunga vitambaa usoni. Nilisimama pale na moshi unanipita, nisisikie hata chembe, na niliogopa kuliko nilivyoogopa homa yenyewe.

Mficha maradhi kifo kitamfichua. Asubuhi ileile niliwaita wote mlangoni nikawaambia pua yangu imekufa, kwa hiyo mlango unahitaji pua nyingine, mimi nitabaki na macho. Hapo ndipo nilipomchagua Claudine. Alikuwa mpakiaji, mwanamke mkimya wa Kabuga. Nilimchagua kwa sababu siku moja alijua nimebadilisha sabuni ya kufulia. Nilimkataza manukato, nikamkataza mafuta ya nywele yenye harufu, nikamkataza kutafuna kitunguu asubuhi. Mchumba wake alinichukia, alipokuwa mume akanisamehe. Nilimpitisha njia ileile ya Mzee Anastase, wa porini kwenye sahani, na aliponiletea ule wa harufu ya biskuti akasema, "Mama, hii njano iko nzuri," bila mimi kumwambia, nilitoka nje nikapangusa macho. Hakunikosea hata mara moja. Miezi ikapita, pua yangu haikurudi, na mlango wetu ulikuwa imara kama zamani.

Basi binti yangu Neema akapata mchumba.

Upande wa mume ni watu wa Remera, watu wa maneno. Tulipokutana kupanga sherehe, baba mkwe wa Neema alinichokoza mbele ya wazee wote. "Mama Neema," akasema, "sisi habari za uyoga wako tumezisikia kuliko habari za binti yako. Siku ya harusi tutaula, au tutasimuliwa tu?"

"Mtaula mpaka mniombe ukoo wangu wote," nikamjibu, na nyumba ikacheka. Ndugu zangu wa Karagwe walikuwa wanakuja kwa basi, wengi wao hawajawahi kuona kazi yangu kwa macho. Miaka yote ile waliamini nimekuja Kigali kulima kitu ambacho kwetu watoto wanakiokota bure baada ya mvua. Nilitaka wale, wanyamaze. Nilitaka sana.

Chumba cha tatu kilikuwa kinatoa mzao wake wa kwanza wiki ileile. Na ulikuwa mzao gani! Mweupe kuliko kawaida, kofia pana, mguu mnene. Papa Gloire, Mkongomani wetu mkuu wa chumba kile, alikuja kunishika mkono. "Mama, Mungu amekuona," akasema. Wachumaji wake walinifanyia heshima bila kunieleza. Asubuhi ya harusi waliuchuma, na ili kapu la mama lipendeze, wakakata miguu yote mle mle chumbani, wakapangusa kila kofia kwa kitambaa. Lilipofika mlangoni lilikuwa kama sinia la maandazi meupe. Mvua ilikuwa inanyesha, dirisha limefifia. Nikainua kofia mbili tatu, nikatazama matamvua, waridi safi. Nikasema, "Nzuri sana. Pakieni."

Gari lilikuwa linanguruma nje, meneja mwenyewe amejitolea kuendesha. Nami nilishavaa umushanana, nguo ya sherehe, maana ningepitia palepale kwenda ukumbini.

Claudine akaweka mkono juu ya kapu. "Mama, ihangane, vumilia kidogo," akasema. "Miguu yake iko wapi?"

Papa Gloire akamjibu haraka. "Tulikata, ili isichafue mama nguo. Hii ni yetu, Claudine. Imetokea ku kitanda yetu! Tulipanda sisi wenyewe!"

Hapo ndipo penye kosa ambalo ni la wakulima wa uyoga peke yao. Mtu wa kawaida akiuona uyoga porini anauogopa. Sisi uyoga ukiota kitandani kwetu, juu ya mboji yetu, siku tuliyoitarajia, tunauita mtoto wetu bila kumtazama uso. Mimi nilikuwa nimewahubiria kila mwaka kwamba kitanda hakishuhudii kitu. Na asubuhi ile nilikuwa nimekiamini kitanda. Kinyozi hajinyoi.

Claudine akasugua kofia moja kwa kidole gumba kwenye sahani, akanusa. Akanusa tena.

"Haitoki," akasema.

"Claudine," meneja akasema kutoka mlangoni, "huyo ndiye mama aliyekufundisha. Na ni harusi ya mtoto wake. Watu wanangoja."

"Yego, ndiye alinifundisha," akajibu, machozi tayari. "Haitoki."

Nilikasirika. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwona baba mkwe na kicheko chake, nikawaona shangazi zangu wa Karagwe wakitazamana. Nikauchukua ule uyoga nikauweka puani nikavuta kwa nguvu zangu zote, na sikusikia kitu, ilikuwa kama kunusa glasi ya maji. Wote walikuwa wananitazama mimi. Neno moja tu langu na gari lingeondoka, na mle ndani hakuna ambaye angelipinga.

"Zima gari," nikamwambia meneja.

Baada ya hapo ndipo tukaenda chumbani. Papa Gloire mwenyewe aling'oa mmoja uliobaki kitandani, na mguu wake na udongo wake, akauleta dirishani, akaukata. Tulisubiri kidogo sana. Ukageuka njano, njano ile ile ya Mzee Anastase, mpaka ukatia rangi kwenye sahani yake. Papa Gloire akaunusa, akaketi chini sakafuni kwa koti lake safi. Baadaye tulijua kwamba udongo wa kufunika vitanda ulikuwa umepungua, tukaletewa mwingine uliochimbwa kwenye bustani ya nyasi ya nyumba iliyobomolewa, na mvuke wa kuusafisha haukuupata vizuri. Yule mbaya alikuja amelala ndani ya udongo, akaamkia kwetu, akala mboji yetu, akavaa sura yetu. Na kama si mwanamke mmoja aliyeuliza miguu iko wapi, ningewalisha wakwe zangu na ndugu zangu wote kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimwambia Claudine avue koti, twende wote Remera.

Harusini watu walikula ndizi, viazi na nyama, wakashiba. Baba mkwe hakunisahau. Alisimama na glasi yake. "Mama Neema, mimi sioni uyoga! Au ndio tunasimuliwa?"

Nikasimama. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kujitetea, nikayaacha. Nikamshika Claudine mkono nikamsimamisha, na nguo zake za kazini.

"Uyoga ulikuwepo," nikasema. "Nilisema unafaa, na huyu akaukataa mbele ya bosi wake. Mimi ndiye niliyemfundisha. Ungetoka, sasa hivi ukumbi huu wote ungekuwa unagombania choo. Nimefanya kazi maisha yangu yote, baba, na kama mnataka kuona nimelima nini, tazameni hapa."

Shangazi yangu mkubwa wa Karagwe akapiga kigelegele, yule aliyekuwa anasema naokota vitu vya watoto. Baba mkwe akaja mwenyewe kumtafutia Claudine kiti meza ya mbele. Neema akaniinamia sikioni. "Mama," akasema, "mimi hujawahi kunisifu hivyo." Ni kweli, na nimekuwa nikilipa deni hilo tangu siku ile.

Sasa kapu. Siku ya kuniaga mlinipanga mstari uani, hotuba zikasomwa, meneja mpya akatazama saa yake mara nyingi. Papa Gloire akaleta kapu la mzao wa kwanza, akataka kunikabidhi moja kwa moja mikononi. Claudine akalisimamisha. Mgeni rasmi alishangaa, nyinyi hamkushangaa. Alilipeleka dirishani, kwenye sahani ya Mzee Anastase. Akakata, akasugua, akanusa, na hakufanya haraka, watu wote tumesimama juani. Mmoja akauweka kando. "Hii imezeeka," akasema. Kwenye zawadi yangu! Kisha akalibeba mwenyewe mpaka nilipokuwa.

"Zingine zitoke, mama."

Nililikumbatia kapu mpaka kituo cha basi. Uyoga wote ulikuwa na miguu yake. Udongo ukanichafua umushanana wote kifuani, mtu kwenye basi akaniambia mama umechafuka, na mimi nikamwambia ndiyo, tazama vizuri.